Mama na Mkwe Wake Ziwani

Kwetu Kishapu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hukwepa pembeni. Mimi siku zote niliona ni usumbufu mtupu, hasa kwa kuwa mjumbe kati ya mama na mume wangu nilikuwa mimi.

Mama alipokuja kututembelea Mwanza, alitaka kitu kimoja tu: kukaa juu ya maji mengi. Maisha yake yote amechimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Nikampeleka kwenye bustani ya umma kando ya ziwa, ambako mume wangu, baada ya kuachana na machimbo ya Geita, anaendesha boti ya wageni. Boti ilikuwa tupu, inatungoja. Mama akaona nani ameshika usukani, akajifunika kanga hadi puani.

"Nikae naye humo, magoti yanagusana? Bora nirudi Kishapu kwa miguu."

Basi tukachukua kiboti cha kukanyaga kama baiskeli, sisi wawili tu na jaketi okozi zetu. Mama alikanyaga vizuri kuliko mimi, baiskeli anaijua. Alicheka, akachota maji kwa kiganja, akayaonja. Nilifurahi mno kumwona hivyo. Kisha mnyororo ukachomoka, upepo ukageuka, na ufukwe ukaanza kutuacha. Mawimbi yakaingia ndani. Kiboti kikalalia upande wa mama.

Nilipiga kelele bila aibu. Mume wangu akaja kwa kasi, akazima injini karibu nasi, akasimama ametupa kisogo. Hata hapo!

"Mwambie mama anipe mkono," akasema.

Mama alikuwa anamsikia vizuri kabisa. "Mwambie siwezi."

"Mayu, mama yangu, tunazama!" nikafoka.

"Nimesema siwezi."

Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili. Maji yalikuwa yamemfika mama magotini na uso umempauka. Alikuwa anaogopa kufa, na bado anaogopa kumgusa mkwe. Mume wangu akachukua kasia, akalipitisha chini ya kwapa lake hadi likatufikia, bila kugeuka.

"Mwambie ashike mti, asinishike mimi."

Mama akalikamata kwa mikono yote miwili. Nikamsukuma kwa nyuma, mume wangu akavuta, na mama akatua ndani ya boti kama gunia la pamba. Nikafuata. Nikacheka, nikalia, nikamshukuru Mungu, vyote kwa pamoja. Tulikuwa wazima, na hakuna aliyekosewa adabu.

Tukaanza kurudi. Mama alikaa mwisho kabisa wa boti, kanga iliyolowa imemfunika uso. Baadaye akainua ncha yake kidogo.

"Muulize mkwe wangu, mbona mabega yanamtetemeka?"

Hata sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Mume wangu alijibu macho yakiwa ufukweni.

"Mwambie, mama aliyenizaa nilishamzika. Mama niliyebaki naye ni yeye."

Mama akashika ncha ya kanga. Nilimwona akijifuta macho, ingawa angeweza kusingizia maji ya ziwa.

"Mwambie aendeshe polepole," akasema. "Sina haraka ya kushuka."