Risasi za Mazoezi

Mtu akiwasha kiberiti karibu na pua yangu, hasira ile hunipanda upya.

Papa alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji, pale Kalemie, enzi za Zaire. Siku moja komanda wa jeshi alimletea maganda matupu ya risasi za bastola ayajaze upya.

“Ni za kuwindia, Komanda?”

“Za mazoezi tu, situayen,” akajibu, akimwita “raia” kama ilivyokuwa desturi enzi hizo.

Basi Papa akachagua vichwa vyepesi vya risasi, maana vile vizito humrusha mtu mkono. Baruti aliipima kwenye mizani ndogo, pumzi ameibana. Ikizidi, bastola ingempasukia komanda mkononi. Mama hakuwasha moto hata wa chai, kwa kuogopa cheche. Tulishinda na njaa huku nyumba ikinuka baruti na mafuta ya mashine.

Jioni komanda alirudi, akajaza bastola yake, akatazama huku na huku uani kwetu. Mbuzi wangu alikuwa amefungwa kwenye mpapai, ana mimba kubwa. Akampiga risasi ya kichwa.

“Hii njo kazi, situayen!” akacheka. Askari wake wakamburuta mbuzi mpaka kwenye gari lao.

Nikapiga kelele: “Ni mbuzi wangu! Iko na mutoto tumboni!”

Papa akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka baruti, akamwinamia yule mtu.

“Aksanti, Komanda,” akasema. “Aksanti sana.”