Mizinga ya Mikokoni

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya uchapishaji kule Changamwe, Mhariri Mkuu alinikabidhi kalamu nyekundu na muswada, yaani hadithi kama ilivyotoka mkononi mwa mwandishi. "Bi Rukia," akaniambia, "mtoto akichoka ukurasa wa pili, hakuna wa kumlazimisha wa tatu."

Miaka ikapita, nikawa mhariri wa vitabu vya watoto. Ndipo Kadzo, mwalimu wa Junda, alipotuletea riwaya ya msichana anayefuatana na babake kwenye mikoko kutundika mizinga ya nyuki. Mikoko inakatwa, nyuki wanahama, na wawili hao wanaanza kupanda miche upya. Niliisoma nikasahau chakula.

Mhariri Mkuu hakuridhika. "Baba afe mwishoni," akasema. "Kisa kipate uzito."

Kadzo akainuka. "Babangu mzazi yu kitandani, mgonjwa. Simuui, hata kwenye karatasi. Nipeni muswada wangu niende zangu."

Nilimfuata mpaka langoni, nikamsihi aniachie wiki moja. Kisha nikarudi kwa mkubwa wangu. "Wallahi, bwana, uzito umo. Soma tena pale mtoto anapouona mche wa kwanza umeshika."

Alisoma mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa anapangusa miwani. "Baba aishi," akasema.

Prufu zilipofika, zile kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapa, tulizipeleka Junda. Mzee alikuwa amelala ubavu, sauti imekwisha. Kadzo akamsomea. Aliposoma jinsi baba wa kitabuni anavyowaimbia nyuki kwa kunong'ona, mzee akafumbua macho.

"Kumbe ulikuwa ukinitazama?"

"Kila siku, baba."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, akamwambia aendelee. Alhamdulillahi, kitabu kilipotoka alikuwa hai, na tayari ameanza kuketi barazani.

Sasa nimestaafu, naishi Likoni. Wahariri vijana wakinijia nawaambia wasikimbilie kukata. Kwanza wamuulize mwandishi anampenda nani humo ndani. Juzi nilialikwa shuleni kusoma, na msichana mmoja akaja mbele. "Shikamoo, bibi. Ile mikoko ipo kweli?"

"Marahaba. Ipo, tena imekuwa mirefu. Jumamosi mwalimu Kadzo atatupeleka, inshallah."

Hakungoja nimalize. Alikuwa ashatoka mbio kumuomba mamake ruhusa.