Kiwiko cha Mawe Meupe

Mwalimu wangu wa urubani nilimchukia tangu wiki ya kwanza, na yeye hakuficha kwamba ananichukia. Alitoka Kinshasa, akivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi kila siku, na kila nilipokosea aliniita "mamuzeli wa Kasongo", yaani binti wa Kasongo, kana kwamba Kasongo kwetu ni ugonjwa. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya wanafunzi wake. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: sahihi kwenye daftari langu la safari, ili niruhusiwe kuruka peke yangu. Asubuhi tuliyoondoka Kindu kuja Kasongo aliniambia wazi, "Leo ukikosea hata kidogo, unarudi kwenu kuuza mihogo." Wallahi, nilitamani kumtapikia.

Kiwanja cha Kasongo hakina mnara wa kuongoza ndege. Rubani akifika anapita juu kwanza, anasoma chini. Anatazama mfuko wa upepo kwenye mlingoti: mkia wake unaonyesha upepo unakokwenda, na wewe unatua ukielekea unakotoka. Kisha anatazama mawe. Chini ya mlingoti pana duara la mawe yaliyopakwa chokaa, na kando yake mstari wa mawe uliokunjwa kama mkono kwenye kiwiko. Kiwiko kikikunjwa kushoto, unauzunguka uwanja kwa kona za kushoto. Kikikunjwa kulia, kona zote ni za kulia. Ndivyo marubani wawili wasiojuana wanavyokubaliana wasigongane. Hayo niliyajua kichwani kuliko kijana yeyote wa darasa letu.

Siku ile kiwiko kilikuwa kimekunjwa kulia.

"Kulia," nilisema.

"Kasongo ni kushoto," mwalimu akasema. "Nimetua hapa kabla wewe hujajua kusoma."

"Mawe yanasema kulia."

Alichungulia dirishani, akayaona. Ndiyo, aliyaona kwa macho yake mawili, asije mtu akawadanganya. Akacheka kwa pua. "Haya, mamuzeli. Fuata mawe yenu."

Nikayafuata. Nilitangaza kwenye redio mara mbili kwamba nazunguka kulia. Nikapita sambamba na uwanja, nikakata kona ya kwanza, nikapunguza mwendo. Nilipoanza kona ya mwisho ya kujipanga na uwanja, nikaiona ndege ya mizigo ikitoka upande wa pili, nayo inakata kona yake ya kushoto kuja kwenye mstari uleule. Ilikuwa inatujia usoni. Niliona vioo vyake vya mbele, nikaona na kichwa cha mtu nyuma ya kioo. Mwalimu akaninyang'anya usukani, akatuzamisha pembeni kwa ghafla, ile kelele ikatupita juu.

Tukazunguka upya, kushoto, tukatua. Mwalimu alijaribu kufungua mkanda wake mara tatu, na mimi nikafurahi kumwona anahangaika.

Chini kukawa vurugu. Rubani wa mizigo alitukana hadi mate yakamtoka: kila mutu anajua Kasongo ni kushoto! Kumbe redio yake hakuifungua kabisa. Watu wa mitaani nao wakaja mbio kuona. Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye mawe. Chini yake majani yalikuwa bado mabichi, na hatua chache pembeni palikuwa na mstari wa udongo mtupu, mahali yalipolala miaka yote.

"Mtu ameyahamisha," alisema. Akanigeukia. "Hawa ni watu wako. Utaniandikia ripoti. Ukinipa jina la aliyeyahamisha, kosa si lako, nakutilia sahihi. Ukisema hujui, nitaandika mimi: mwanafunzi alisoma alama vibaya, nusura atuue. Na kuruka kwako kutakuwa kumeisha."

"Na wewe uliyaona."

"Niliona nini?" akasema. Mtu mbaya yule.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake wanaofyeka majani ya kiwanja. Kwa kazi hiyo mkubwa wa kiwanja aliwaruhusu kulima karanga pembezoni, na ndege ikikaribia aliwafukuza wote warudi majumbani. Tangu nilipoacha kazi ya kufundisha shule ya msingi nikaenda kujifunza kuruka, mama alikuwa ananipa salamu tu, basi. Aliwaambia watu kwamba nimeharibika akili. Sasa nilimwona kwenye lile kundi la watu, peke yake ndiye hakuwa anashangaa. Nikamvuta nyuma ya stoo.

"Mama, nani amegeuza mawe?"

"Mimi." Alikuwa anapangusa panga lake kwa majani, hata hakuniangalia.

"Wewe? Peke yako?"

"Mawe yenyewe iko na uzito gani?"

Hasira ilinipanda hadi masikio yakaziba. "Ungeniua! Unasikia? Ungeniua!"

"Mimi ningejua nini? Si wewe mwenyewe ulikuja na vitabu vyako ukanieleza: mawe yakigeuka, ndeke inageuka? Mara tatu umekuja hapa. Watu wa upande wa misioni wananiambia, mama, mutoto wako amepita, tumemuona. Sisi huku nyuma ya michikichi tunasikia kelele tu. Nikasema aka, haiwezekani, na mimi nitamuona. Asubuhi nikasikia unakuja, nikayageuza upite upande wetu, juu ya nyumba." Akaliweka panga chini. "Na nimekuona. Ndeke ndogo, nyeupe. Nilikuwa nimesimama uani."

Ningenyamaza pale ningekuwa mtu mwema. Sikunyamaza. Nilimwita mshamba, nikamwambia ujinga wake ungezika watu, nikamwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii mama yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Unataka jina langu kwa ile karatasi ya bwana wako. Andika basi, kama karatasi ndiyo mama yako."

Najua mnaosoma haya mnataka kusikia kwamba niliandika "sijui". Poleni. Niliandika jina lake lote, na la baba yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa kimwalimu. Mwalimu wa urubani alisoma, akatia sahihi daftari langu palepale juu ya bawa, wala hakunipongeza. Mkubwa wa kiwanja akamfukuza mama siku hiyohiyo. Karanga zake zilikuwa zimebakiza wiki chache kukomaa, zikang'olewa na wanawake wenzake.

Nilikuwa na haki. Hata leo anayetaka kubishana nami aje tubishane: alama ya uongo inaua, na aliyeiweka lazima ajulikane. Hayo niliyarudia kichwani kila usiku, na hakuna usiku hata mmoja ambao yalinipa usingizi.

Mwezi uliofuata nikarudi Kasongo peke yangu, kiti cha pembeni kitupu. Mawe walikuwa wameyarudisha mahali pake, wakayashikiza kwa saruji. Nilizunguka kushoto kama inavyotakiwa, upande wa misioni, kona kwa kona, nikatua laini kuliko nilivyowahi kutua na yule mwalimu pembeni yangu. Nilizima injini. Kabla sijafungua mkanda nikampigia mama simu.

"Mama, nimefika. Niko peke yangu, mama. Nimeileta ndeke mimi mwenyewe."



"Nimesikia kelele tu," mama akasema, akakata.