Nusu Mshahara Siakago

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na wengine ni damu yangu. Niliporudi Siakago kutoka Qatar na diploma yangu ya ufundi mitambo, nikafungua karakana ya kuchomelea vyuma, baba yangu mdogo alisema mbele ya watu, "Huyu amezoea kulipwa na Waarabu. Hataweza kulipa mtu."

Nilimjibu kwa kazi. Kutoka Siakago hadi Kiritiri, shule nyingi za bweni zililaza watoto kwenye vitanda vyangu. Sijui karakana nyingine huku inayoweza kusema hivyo.

Kisha korona ikafunga shule. Vitanda vilivyokwisha kupakwa rangi vikabaki uani bila wa kuvichukua. Nilikuwa na mafundi sita na akiba ya kuwalipa nusu yao tu. Niliwaita, nikawaambia ukweli: ama watatu waende nyumbani, ama wote wapokee nusu mshahara mpaka shule zifunguliwe, nami nisichukue chochote.

Fundi mzee kuliko wote akasema, "Tupe nafasi twende ndundu."

Kwetu hata mahari haijadiliwi bila wazee kwenda kando kunong'onezana, kisha kurudi na neno moja. Basi wakaenda nyuma ya vitanda. Nilisikia wakicheka, na kicheko hicho kikanitia hofu kuliko ugomvi.

Waliporudi, mzee alisema kwa niaba yao, "Bosi, haendi mtu nyumbani. Nusu tumekubali. Lakini ile nusu nyingine hatujakupa, tumekukopesha."

"Na shule zisipofunguliwa?"

"Tutahamia kwenye hivyo vitanda, na wewe utatupikia," akasema mama anayepaka rangi. Wenzake wakacheka tena, safari hii nami nikacheka.

Tukaanza kutengeneza stendi za kunawia mikono, zile za kukanyaga kwa mguu. Mchoro niliuchora mwenyewe alasiri moja, na ulikuwa mzuri. Wenye maduka walizitaka hadi Meru mjini. Hata hivyo, stendi hazilipi kama vitanda, na mchoro haushiki chuma. Wao ndio walioshika, kwa nusu mshahara, bila kulegea. Mwezi uliokuwa mgumu zaidi, yule mama aliniletea ndengu za shamba lake. Alijua kwangu hakuna mshahara kabisa.

Shule zilipofunguliwa, zilitaka vitanda zaidi ili watoto wasibanane. Malipo yalipoingia, niliwalipa wote ile nusu waliyonikopesha, Ijumaa moja, pesa taslimu. Ningeweza kutuma kwa simu, ila nilitaka kumshukuru kila mmoja uso kwa uso. Mzee alikuwa wa mwisho. Alihesabu zake polepole, akazitia mfukoni.

"Vizuri," akasema. "Mtu ukimdai huwezi kumwomba nyongeza, ataona unamkaba. Sasa tuongee."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamvutia kiti.