Hema Juu ya Gari

Juzi niliondoka Muheza asubuhi bila kujua niendako, nikaliona gari lenye hema juu ya paa. Nikaikumbuka alasiri moja Kigombe, utotoni, mume na mke wa Kizungu walipoegesha gari kama hilo mbele ya nyumba yetu, likinuka vumbi na mafuta ya taa, wakalikunjua hema ili walale humo. Nilidhani wamefukuzwa na ndugu zao. Sikujua kwamba mtu huweza kulala nje kwa kupenda. Mama aliona aibu: wageni walale nje, majirani waseme nini?

“Tumezoea, mama,” mume alisema kwa Kiswahili cha kujifunza. “Kule Botswana tulilala porini, simba wananguruma.”

“Kule hamkuwa na mwenyeji,” mama akajibu. “Hapa mnaye.”

Mke akacheka, akaanza kulikunja hema. Mimi nikatumwa kukitandika kitanda changu kwa shuka letu la sikukuu ya Idi.