Sauti za Baba, Upande wa Pili wa Mtandao

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: nikiifungulia kompyuta ya mama njia ya kufika kwenye seva, je, atasikiliza mpaka rekodi ya mwisho?

Seva, kompyuta ya kuhifadhia mafaili, ilikuwa chumbani kwangu, Wembley, London, juu ya kabati la nguo. Baba alipokufa simu yake ilikuwa imeanza kuzimika ovyo, nikahamishia kwenye seva sauti zote alizojirekodi akiwa mgonjwa: visa vya utoto wake Pemba, dua, namna ya kupika pweza. Ila mtandao wa nyumbani nilikuwa nimeugawa tangu nilipomaliza chuo. Upande mmoja seva na kompyuta yangu ya kazi, upande wa pili vifaa vya wengine wote. Niliogopa virusi. Mimi huogopa kila kitu. Niliipanga ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti, isiruhusu chochote kuvuka.

“Mama, seva iko mtandao mwingine,” nilimwambia alipoziomba zile sauti.

“Flati yenyewe vyumba viwili, wewe ushaikata mikoa! Basi nipe viza nivuke.”

Nilicheka. Ijumaa akauliza tena, safari hii bila mzaha.

“Mwanangu, sauti yake inanitoka. Jana nimejaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita. Sikuweza.”

Nikamjibu kwamba kazi hiyo ni ngumu. Uongo. Ilitakiwa sheria moja tu kwenye ruta: kompyuta ya mama ifike kwenye seva, kwa mafaili peke yake, mengine yabaki yalivyo. Dakika kumi.

Kilichonizuia ni ile rekodi ya mwisho. Baba, pumzi zikimkatika, anaomba azikwe kwao Pemba, ubavuni mwa mama yake. Niliisikia siku nne baada ya kumzika hapa London. Mama ndiye aliyetaka azikwe huku, apate kumzuru.

Nilifikiria kuifuta. Nikafikiria kuiondoa hiyo moja na kumwachia zilizobaki, halafu nikajiuliza nitaishi naye vipi humu ndani, miaka yote, nikiwa nimemchagulia maneno ya mumewe.

Jumamosi baada ya adhuhuri niliiandika ile sheria. Nikaenda sebuleni, nikaifungua kompyuta ya mama. Mafaili yakajitokeza yote, na ile ikiwemo. Nikavuta kiti.

“Mama, ya mwisho tuisikilize kwanza, mimi na wewe. Ina maneno mazito. Nilikuficha.”

Akavuta mtandio wake mabegani.

“Haya. Bonyeza.”

Nikabonyeza.