Moyo Wangu Ulipimwa Nikiwa Dukani

Wakuu, salamu kutoka Konoin, upande wa Mogogosiek. Hii sikuambiwa na mtu, ilinipata mwenyewe. Mwenzangu kwenye kisa hiki amekubali niandike bora nisitaje jina lake, kwa hivyo tumwite Mzee Langat.

Mimi asili yangu ni kule ziwani, lakini nimezaliwa huku. Baba alikuja kufanya kazi ya majani chai na hakurudi. Nina duka dogo na nimekodi kashamba ka majani. Langat ni jirani yangu, umri wake ni wa baba yangu mdogo.

Kwa wasiojua, huku tunapimiana majani. Ukiwa na shughuli, jirani anabeba gunia lako mpaka kituoni, karani anapima, anaandika kwa namba yako ya mkulima, maisha yanaendelea. Langat amenipimia mara nyingi kuliko nilivyojipimia.

Siku moja madaktari wakaja hapo kituoni kupima presha na moyo, bure. Walitumia kitabu cha wakulima, unaitwa kwa namba. Na kila aliyepimwa alipewa mwavuli.

Nyinyi mnajua mvua ya Konoin? Mimi niliutaka ule mwavuli. Lakini nilikuwa nangoja gari la unga, na duka halina mtu mwingine. Nikampigia Langat, nikamwambia kama kawaida, mzee, nipimie.

Ndiyo, nilijua ni moyo unaopimwa. Na nilimaliza form four. Msinitukane.

Langat akaenda, akaitikia namba yangu, akalala kitandani, akabandikwa waya kifuani. Namba yake mwenyewe ilipoitwa, alinyamaza. Jioni akaniletea mwavuli mmoja tu, nami sikuuliza.

Baada ya wiki, simu. Daktari anasema presha yangu iko juu sana, na ile karatasi ya ECG, iliyotoka kwa zile waya za kifuani, inaonyesha upande wa kushoto wa moyo umekuwa mnene kwa kusukuma damu kwa nguvu miaka mingi. Akanipa siku ya kwenda hospitali.

Wakuu, niliogopa. Hapo ndipo ningekumbuka kwamba sikulala kwenye kile kitanda. Sikukumbuka. Miaka yote kinachopimwa kwa namba yangu ni changu, basi hata huu moyo niliupokea. Nikaanza kuusikia ukigonga nikiwa napimia mtu sukari.

Mama Achieng, mke wangu, akaondoa chumvi nyumbani siku hiyo hiyo. Omena, dagaa wa kwetu ziwani, ikachemshwa hivyo hivyo. Watu wa kanisa wakaja kuniombea. Nikamsamehe shemeji yangu, ambaye hata hakuwa amenikosea.

Langat naye alikuja kila jioni kunipa pole. Aliniuliza daktari alisema nini hasa, kama inauma, kama kuna dawa. Halafu akila mboga yetu anatoa chumvi yake mfukoni, ameifunga kwa karatasi.

Siku ikafika. Nikabandikwa waya, karatasi ikatoka, daktari akaitazama muda mrefu. Moyo wangu ulikuwa mzima kabisa. Akaniuliza kama nina hakika nilipimwa mimi. Nikamjibu ndiyo, jirani alinipimia.

Aliweka kalamu chini. Akasema huyo jirani apatikane leo, sio kesho.

Nilimkuta Langat shambani, kikapu mgongoni, anachuma. Nikamweleza. Hata hakugeuka.

"Hiyo moyo ni yako, Baba Achieng. Kitu ikipimwa kwa namba ya mtu ni ya huyo mtu. Hata karani anajua."

Tukabishana safu nzima ya majani. Mwisho wa safu akasimama.

"Baba yangu alianguka hapa tu, akichuma," akasema. "Miaka yake ilikuwa kama yangu sasa. Mimi niliogopa kupimwa. Nikasema wacha nisikie kwanza ikiwa ya mtu mwingine."

Wiki nzima nilidhani mzee anakuja kunipa pole, kumbe alikuwa anakuja kusikia habari za moyo wake. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga.

Nikamwambia twende, nitaketi naye mpaka mwisho. Akafikiria, akaniuliza kama haiwezekani zamu hii mimi nimpimie yeye.

Tulienda wakuu, na yeye ndiye aliyelala kitandani. Nilimshikia kofia. Sasa anameza dawa kila asubuhi, presha imeanza kushuka, na tumbaku anasema ameacha. Daktari alituambia moyo unaweza kuharibika miaka na mtu hasikii maumivu yoyote. Langat hakuwahi kuumwa hata siku moja.

Funzo ni hili: majani unaweza kupimiwa, moyo nenda nao mwenyewe. Na ukiona mtu anauliza sana habari za ugonjwa wako, mwulize na yeye anaendeleaje.

Chumvi haijarudi kwangu. Mama Achieng amegoma, na Langat sasa anakula kwetu kila jioni kwa sababu ndiyo nyumba isiyo na chumvi. Wenye presha humu, nipeni mbinu ya kupika omena ikalika.

Jana mvua ilimkuta kwetu. Akasimama mlangoni akauchukua ule mwavuli, akasema ni wake, ulilipwa na kifua chake. Nikamwachia.